Mradi Utaondoka, Fundi Atabaki

Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, hapa kwetu Mingoyo, barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinakutana, na vijana wanaosubiri abiria na mizigo hawaishiwi na habari ya mradi. Mtambo wa gesi wa Likong'o ukianza, wanasema, kila mtu atapata kazi. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Juni 2022, na kabla ya hapo habari yenyewe ilikuwa imezungumzwa kwa miaka mingi. Siwalaumu wanaoitumainia gesi. Mimi mwenyewe naitumainia. Ninachokikataa ni dhana kwamba ari ya kazi, ubunifu na tija ni vitu vitakavyoshushwa bandarini pamoja na mitambo, na kwamba mpaka siku hiyo mtu anaweza kujikalia tu.

Pwani hii imeshaona miradi. Jirani zetu wa Mkwaya walijengewa gati na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Waingereza. Mradi ule ulianza 1947, ukatupwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Yaliyobaki ni simulizi za wazee.

Kuna kazi nyingine ya zamani ambayo hatuisimulii inavyostahili. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na wabunge wetu wameuliza zaidi ya mara moja atarudi lini au tutanufaika naye vipi. Swali zuri. Mimi naongeza jingine: nani aliyemtoa ardhini?

Walimtoa watu wa huku. Mwaka 1911 vibarua walikaribia 500, wengi wakiwa wamehamia pale na wake na watoto hata pakawa kijiji. Tusijidanganye kuhusu mazingira yao: vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, njaa ilikuwa imewapiga watu, na kodi ya mkoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu. Hakuna aliyekwenda Tendaguru kwa kupenda mijusi. Hata hivyo itazame kazi yenyewe. Mfupa uliolala ardhini kwa miaka milioni 150 hutoka umepasuka vipande vipande. Mtu anaondoa udongo kidogo kidogo kwa kisu na brashi, anashikamanisha nyufa, anaukandika udongo mwekundu uliochanganywa na utomvu wa miti, kisha anauzungushia mianzi na kuifunga kwa kamba mpaka mzigo uwe kama pipa. Kuchana mianzi, kufunga fito, kusuka dema: mikono ya huku ilikuwa na elimu hiyo kabla Mjerumani hajashuka Lindi. Baadhi ya mizigo ile ya mianzi ilikaa Berlin kwa zaidi ya miaka mia bila kufunguliwa, na mafundo yake yangali yameshika. Kabla ya kufika huko, wapagazi waliichukua mizigo yote kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi pwani, jumla ya tani zaidi ya 200. Wanaopenda kusema watu wa kusini ni wavivu wangeanza hesabu zao hapo.

Juu ya kazi hiyo alisimama Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa vibarua na fundi mkuu wa kutayarisha mifupa. Hakuwa na cheti, na wala hakuna aliyemwambia kwamba fani hiyo itamfaa baadaye, maana fani yenyewe haikuwapo huku. Aliikuta kazi ya kibarua, akaifanya ufundi. Huo ndio ubunifu ninaouzungumzia: kuijua kazi kupita kiasi unacholipwa kuijua, mpaka siku mwenye mradi anakutegemea wewe.

Nimewasikiliza wahamasishaji wengi. Maneno yao huchangamsha ukumbi Ijumaa, na Jumatatu mtu anarudi kwenye meza ile ile na uchovu ule ule. Kinachodumu zaidi nakiona kwa fundi mmoja wa pikipiki pale njia panda. Ana kopo la vipuri vibovu, plagi zilizoungua na kabureta zilizoliwa na chumvi ya pwani. Wateja wakikatika jioni, analimwaga kopo juu ya gunia na kuwauliza wanafunzi wake kila kipuri kimekufa kwa nini. Anayekosea anaambiwa akinuse, akikwaruze, ajaribu tena. Wale vijana hawachoki, kwa sababu kila siku wanajua kitu ambacho jana hawakukijua.

Lakini si haki kumwachia mfanyakazi mzigo wote. Ari hufa pia kwa kunyimwa jina. Wajerumani walioongoza uchimbaji waliandika vitabu na kupata sifa zao mapema. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo aina moja ya mjusi wa Tendaguru ikapewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka mia! Na huo mtindo haujaisha. Ripoti inaandikwa na afisa mdogo, inasainiwa na mkubwa. Bwana shamba anabuni njia nzuri ya kukausha ufuta, semina inamsifu mfadhili. Ukimfanyia mtu hivyo mara tatu, usishangae akianza kutazama saa tangu asubuhi. Mkuu wa idara anayelalamika kwamba watu wake hawana moyo wa kazi na apekue taarifa zake za mwaka jana, ahesabu majina yaliyomo.

Kwa sababu hiyo waandishi wa toleo hili, wakiwamo muuguzi, mwalimu na karani wa chama cha msingi, tumewaomba kila mmoja amtaje aliyemfundisha kazi yake, awe na cheo au asiwe nacho. Majina hayo tumeyachapa juu ya kila makala, kwa herufi zinazolingana na za mwandishi.