Kusinzia si Kulala



Sisi makapita wa mwaka wa sita tunataka kusema juu ya maneno mawili madogo ya Kiingereza: "nod off". Juma lililopita mwalimu aliandika kwenye tablo: "He nodded off." Tukakimbilia kitabu cha maneno. "Nod" ni kuinamisha kichwa kwa kukubali. "Off" ni kuondoka, ao kuzima kama taa. Tukajibu bila woga: "Alikubali, kisha akaenda zake." Mwalimu akacheka, na sisi tukacheka.

Kumbe maana yake ni kusinzia! Kichwa kinaanguka mbele kidogo kidogo kama cha mtu anayeitika, halafu akili inazimika. Waingereza wanasema pia "doze off" na "drop off". Lakini "go to sleep" mara nyingi ni kulala kwa kupenda: mtu anatandika, anajifunika. Mwenye "nod off" hakupenda; usingizi ulimkamata angali amekaa.

Hapo kicheko kilituishia. Trimestri hii tulimwandika mwenzetu mmoja katika daftari ya etidi ya mchana: "Alilala." Akapewa kukata majani siku tatu. Yeye anatoka kwao saa kumi ya usiku, anatembea saa mbili kwa miguu. Alisinzia, hakulala. Neno la haki liko katika Kiswahili chetu tangu zamani, na sisi tuliliacha.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, musikate vitenzi hivi vipande vipande. Mujifunze "nod off" kama neno moja. Pili, kila kapita apime neno mbele ya kuandika jina la mtu.

Wengine watasema: sasa kila mvivu atajiita mwenye kusinzia. Hapana. Mwenye kusinzia kalamu iko mkononi, na mstari wake unateremka kwenye karatasi. Mwenye kulala amekunja koti, amelifanya mto. Macho yetu yanaweza kuona tofauti. Hata Eutiko wa Matendo 20 alishindwa na usingizi dirishani, na Paulo alishuka kumkumbatia, si kumwandika.

Kwa mwenzetu: utusamehe. Majani umekwisha kuyakata, hatuwezi kuyarudisha. Lakini neno katika daftari tumelibadilisha.

Ni sisi, makapita wenu.