Kasongo: Wasioona nao wana haki ya kusikia kichwa cha habari kwanza

Kila asubuhi, Kasongo hadi Kabambare, mtangazaji wa redio anaanza na vichwa vya habari. Msikilizaji anajua mara moja kama kuna jambo linalomhusu. Kama hakuna, anaendelea na kazi yake. Hakuna mtangazaji anayeanza na matangazo ya sabuni, akarukia katikati ya habari, kisha kichwa kikaja mwisho. Lakini ndivyo kurasa nyingi za mtandao zinavyomfikia mtu asiyeona.

Na Maniema ina watu hao. Upofu wa mto, unaoletwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, unajulikana sana jimboni, na dawa ya ivermektini inagawiwa vijijini ili kuuzuia. Dawa hiyo haimrudishii macho aliyekwisha kuyapoteza. Kinachomsaidia huyo kusoma ni simu. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti. Kwenye kompyuta iko NVDA, ya bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Ndani yake iko hata sauti ya Kiswahili.

Programu hizo hazijali rangi wala ukubwa wa herufi. Zinafuata mpangilio uliowekwa ndani ya ukurasa, ambao mara nyingi si ule unaoonekana kwa macho. Mtumiaji wa NVDA anabonyeza herufi H ili kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama mwenzake anavyopitisha macho gazetini. Kichwa kilichokolezwa wino tu, bila kuwekewa alama ya kichwa, kwake hakipo. Kikiwekwa chini ya habari yake, amesikia jibu kabla ya swali.

Wazee wa Kasongo wangeelewa upesi. Zamani Kiswahili kiliandikwa huku kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, na aliyeanzia upande mwingine hakuambulia kitu.

Mbaya zaidi ni tangazo la ofisi lililopigwa picha, muhuri na sahihi vikionekana vizuri, likatumwa hivyo hivyo. Mara nyingi simu inasema tu kwamba hapo kuna picha. Siku ya chanjo, siku ya kugawa dawa, mwisho wa kujiandikisha: yote yamefungwa humo. Asiyeona anangoja mtoto atoke shuleni amsomee. Tarehe haimngoji.

Kongo iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja hata intaneti. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao nchini. Watasema umeme hakuna, mtandao ni hafifu, barabara ya Kindu ni mbovu. Ni kweli. Lakini anayenunua mega kidogo kidogo na kuchaji simu kwa kulipa ndiye anayeumia zaidi akilazimishwa kusikiliza menyu nzima kabla ya habari.

Kuweka alama za vichwa na kuandika tangazo kwa maneno ni kazi ya dakika chache. Serikali ya jimbo, mashirika na vyombo vya habari, hiki kikiwemo, vianze wiki hii: kabla ya kutoa ukurasa, mwenye kuutengeneza azime kioo, awashe TalkBack, autafute mwenyewe kwa masikio. Akishindwa, amwite asiyeona amwonyeshe panapokwama, na amlipe kazi ya siku hiyo.