Daktari mwaminifu huanza kulelewa nyumbani

Mtoto akichaguliwa kusoma udaktari, mtaa mzima huanza kumwita daktari kabla hata hajamaliza mwaka wa kwanza. Jijini Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando inaonekana juu ya kilima, sifa hiyo ni tamu kwa wazazi. Lakini sifa hiyo hiyo huwafanya baadhi ya vijana waogope kupiga simu nyumbani kusema wamefeli.

Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Ni safari ndefu, na hofu ya kudisko ni kubwa. Hapo ndipo kishawishi cha kuangalizia huingia.

Wazazi wengi wakisikia udanganyifu hufikiria chumba cha mtihani tu. Kwa mwanafunzi wa udaktari, upo pia wodini. Ni kuandika mapigo ya moyo ambayo hakuyahesabu, kunakili maelezo ya mgonjwa kutoka kwa mwenzake, au kujaza kwamba ameshiriki kuzalisha mama ambaye hakumwona. Daktari wa zamu ya usiku atasoma namba hizo na kuamua matibabu akiamini ni za kweli.

Mfano ni malaria kali, ugonjwa unaojulikana sana kandokando ya Ziwa Victoria. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa sindano ya artesunate miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 10 anahitaji miligramu 30. Aliyeangalizia jibu hilo atakumbuka 30, lakini hatajua limetoka wapi. Siku atakapoletewa mtoto wa kilo 14, anayehitaji 42, hakuna wa kumchungulia. Na kama yuko kwenye kituo cha kisiwani Ukerewe, mama aliyembeba mtoto huyo hana daktari wa pili wa kumuuliza.

Tabia hii haianzii chuoni. Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, lilifuta matokeo ya watahiniwa 337 wa kidato cha nne wa mwaka 2022, karibu wote kwa udanganyifu. Mwaka 2017 Serikali iliwaondoa kazini watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nyuma ya baadhi ya mambo haya huwapo mtu mzima aliyetoa fedha au aliyefumba macho. Mzazi anayetafuta kwenye simu mtihani unaodaiwa kuvuja anamwambia mwanawe kwamba alama ni muhimu kuliko kujua. Mtoto hushika somo hilo haraka.

Mzazi anaweza kufanya nini? Kwanza, asimfanyie mtoto kazi za shule. Daftari lenye makosa yake mwenyewe lina faida kuliko lenye vema za baba.

Pili, habari ya kufeli ipokewe bila matusi na bila kulinganisha na mtoto wa jirani. Kijana anayejua kwamba nyumbani atasikilizwa atasema mapema, na mtihani wa marudio si mwisho wa maisha. Anayejua atafukuzwa atatafuta njia ya mkato.

Tatu, swali la likizo libadilike. Badala ya "umepata ngapi?", mzazi aulize, "Umejifunza nini, na kipi hujakielewa?" Daktari anayeweza kusema "hapa sijui, ngoja nimwite mkubwa wangu" huokoa maisha. Na ujasiri wa kusema hivyo mbele ya mgonjwa hujengwa mapema, pale mtoto anapoweza kumwambia mama yake "hesabu hii sijaielewa" bila kuchapwa wala kuchekwa.