Kozi moja, masomo mawili: soma hivi ukurasa wa chuo kikuu kabla ya kutuma maombi

Mwombaji wa chuo kikuu anayeishi Dar es Salaam anaweza kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja wakati wa maonyesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Atapita banda kwa banda akiuliza mpaka aridhike. Mwombaji wa Kiomboi hana banda la kwenda. Ana simu, bando la siku, na ukurasa wa tovuti ulioandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa huo usiposema jambo, kwake jambo hilo halijasemwa.

Na lipo jambo ambalo mara nyingi halisemwi mapema, hasa kwa wanaotaka ualimu: ndani ya kozi hiyo utasomea masomo gani mawili, na kila somo litakuwa na uzito gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, miaka mitatu baadaye, kama unaweza kuomba kazi iliyotangazwa au la.

Kwa nini tovuti imekuwa na uzito

Kati ya mwaka 2010 na 2016 waombaji wengi walipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 utaratibu ulibadilika: mwombaji anatuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. TCU imebaki na kazi ya kutoa mwongozo wa udahili kila mwaka na kuhakiki waliochaguliwa.

Maana yake ni kwamba kila chuo kina mlango wake, na mlango huo ni tovuti yake. Anayejua kuusoma ukurasa vizuri anaingia akiwa amejiandaa. Asiyejua anabahatisha, huku ada ya maombi ikilipwa chuo hadi chuo.

Jina la kozi halitoshi

Chukua shahada inayopendwa na wengi, ile inayoandikwa "Bachelor of Arts with Education". Katika mwongozo wa TCU kozi kama hii ina mstari mmoja: jina, namba ya kozi, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Vyuo vingi huweka mstari huohuo kwenye tovuti zao.

Lakini chini ya jina hilo moja kuna njia nyingi. Mmoja atasoma Historia na Kiswahili, mwingine Jiografia na Kiingereza. Wote wataitwa wahitimu wa kozi moja. Kwa kawaida uchaguzi wa masomo hayo unafungwa na mambo mawili: ulifaulu nini kidato cha sita, na idara za chuo zimeruhusu masomo gani yaende pamoja. Jambo la pili aghalabu limeandikwa ndani kabisa, kwenye kitabu cha kozi cha chuo, au mwanafunzi hulikuta siku ya kujisajili akiwa ameshafika chuoni na sanduku lake.

Tuseme binti kutoka Ulemo amemaliza kidato cha sita na HGK: Historia C, Jiografia E, Kiswahili C. Kwa hesabu ya TCU inayotumika kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti la chini la jumla ni masomo mawili yaliyofaulu yenye jumla ya pointi 4. Binti huyu ana 6 kwa Historia na Kiswahili, kwa hiyo mlango uko wazi. Swali linalobaki ni kama chuo alichochagua kinaruhusu masomo hayo mawili kwa pamoja. Kama hakiruhusu, anaweza kusukumwa kwenye Jiografia, somo ambalo ndilo lililomsumbua.

Tangazo la ajira linauliza somo

Hapa ndipo uzito ulipo. Walimu wa serikali hugawanywa kwa madaraja: III A ni mwenye cheti, III B mwenye stashahada, III C mwenye shahada. Ukifungua tangazo la Sekretariati ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaona nafasi za daraja la III C zimetajwa kwa somo: Hisabati, Fizikia, Kiswahili na kadhalika. Mapema mwaka 2025 walimu walioomba ajira walifanyiwa usaili, na usaili huo nao ulipangwa kwa masomo.

Kwa hiyo jina la shahada yako ni hatua ya kwanza tu. Anayepokea maombi anataka kuona somo kwenye matokeo yako ya chuo. Na masomo hayalingani sokoni. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikieleza upungufu wa walimu wa hisabati na sayansi, wakati wahitimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi. Mzazi aliyeuza magunia ya alizeti ili mtoto asome anastahili kujua hilo kabla ya kulipa, si baada ya mahafali.

Hii haina maana kwamba kila mtu akimbilie Fizikia. Maana yake ni kwamba anayechagua Historia na Kiswahili achague akijua.

Somo kubwa, somo dogo: hesabu krediti

Si kila shahada hugawa masomo sawasawa. Kuna vyuo ambavyo mwanafunzi anachukua somo moja kubwa na jingine dogo. Makerere, Uganda, ni chuo kinachojulikana kwa mpangilio wa namna hiyo katika shahada ya sanaa. Somo dogo unalisoma, linaonekana kwenye matokeo, lakini halina kina cha lile kubwa.

Utajuaje kama ukurasa hausemi? Tafuta jedwali la masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Kila somo lina herufi na namba. Herufi zinaonyesha idara. Katika vyuo vingi tarakimu ya kwanza ya namba inaonyesha mwaka: 1 ni mwaka wa kwanza, 3 ni wa tatu. Kuna pia neno "core", yaani somo la lazima, na "optional", yaani la kuchagua.

Kisha tazama safu ya "credits". Kwa kanuni za TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani na za kujisomea. Shahada ya miaka mitatu inahitaji angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka.

Jumlisha krediti kwa kila herufi. Kwa mfano, ukikuta Historia 110, Kiswahili 110 na ualimu 140, masomo yako mawili yana uzito sawa. Ukikuta Historia 160, Kiswahili 60 na ualimu 140, basi Kiswahili ni somo dogo. Ukiona pia kwamba Kiswahili kinaishia kwenye namba zinazoanza na 1 na 2, hakifiki mwaka wa tatu. Kalamu na karatasi vinatosha kwa kazi hii.

Usichanganye ngazi

Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya ngazi. Jina moja, mfano Uhasibu, linaweza kuwepo kwenye tovuti ya chuo mara tatu. Kwenye vyuo vinavyofuata mfumo wa NACTVET, angalia neno NTA na namba yake: 4 ni astashahada ya awali, 5 astashahada, 6 stashahada, 8 shahada. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ambayo ina kampasi Singida, iko katika mfumo huu. Vyuo vya ualimu, kama Kinampanda hapa kwetu Iramba, viko ngazi ya chini ya shahada.

Kuanzia chini si hasara. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi, na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, anaweza kuomba shahada, ilimradi atimize masharti ya kozi yenyewe.

Tahasusi mpya zinaongeza maswali

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, kutoka 16 zilizokuwepo. Waliojiunga mwaka huo ndio wa kwanza kupita kwenye njia hizo mpya. Mwenye tahasusi mpya asome kwa makini sifa za kujiunga zinazotaja masomo kwa majina. Kama somo lako halimo kwenye orodha ya kozi, usidhani litakubaliwa. Uliza kwanza.

Vyuo vinaweza kufanya nini

Jirani zetu Kenya wamelirahisisha kwa upande mmoja. Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, inasema waziwazi kwamba mwalimu wa sekondari awe na C+ katika kila somo kati ya mawili anayofundisha. Mwanafunzi anajua sharti hilo akiwa bado sekondari.

Hapa kwetu vyuo havihitaji fedha nyingi kufanya jambo kama hilo. Mwanzoni kabisa mwa ukurasa wa kozi wanaweza kuweka mistari minne kwa Kiswahili: hii ni ngazi gani, masomo gani yanaruhusiwa kwenda pamoja, lipi ni kubwa na lipi ni dogo, na ulifaulu nini ndipo uruhusiwe. Ukurasa mwepesi wa maandishi unafunguka hata kwenye mtandao hafifu wa Ndago, ambako faili la kurasa mamia linamaliza bando kabla halijashuka.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, fanya haya. Mwongozo wa TCU ushushwe na mmoja sehemu yenye mtandao mzuri, kisha mrushiane kwenye simu. Andika masomo yako na alama zako. Kwa kila kozi, tafuta masomo mawili ya kufundisha na ujumlishe krediti. Usipoyaona, piga namba ya ofisi ya udahili iliyo kwenye tovuti na uulize hivi: "Mimi nina HGK. Nikija kwenu, nitaruhusiwa kusoma masomo gani mawili mpaka mwaka wa mwisho?"

Wakikujibu kwa simu, waombe waandike kwa barua pepe. Jibu hilo litunze mpaka siku ya kujisajili.