Tafakari ya Juma: Pumu, Imani na Dawa ya Kila Siku



Ndugu wapendwa katika Kristo, juma hili sitafafanua masomo ya Jumapili kama ilivyo desturi yetu. Baadhi ya wazee wa parokia wameniomba maelezo, tena kwa ukali kidogo, baada ya kuona chetezo kikibaki sakristia siku ya sherehe. Wanastahili kujibiwa. Lakini jibu langu halianzii kwenye ubani. Linaanzia kwenye dirisha la chumba kimoja hapa Bweri, mwendo mfupi kutoka stendi ya mabasi.

Niliitwa usiku kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mchuuzi wa samaki, baba wa watoto wawili, mtu aliyekuwa akibeba msalaba katika Njia ya Msalaba kila Ijumaa Kuu. Nilipofika alikuwa bado anapumua, ikiwa kule kunaweza kuitwa kupumua: mabega yalipanda na kushuka, ngozi ya shingo ilivutika ndani, na maneno yalimtoka moja moja. Nilimpaka mafuta, tukampakia garini kumkimbiza hospitali. Alifariki njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe. Tuliporejea nyumbani kulipokucha niliona inhela tatu za buluu zimepangwa dirishani. Zote zilikuwa tupu.

Mjane ndiye aliyenieleza mengine. Mumewe alikuwa na inhela ya nne, ya kahawia, aliyoandikiwa kliniki aivute asubuhi na jioni, awe anaumwa au haumwi. Aliivuta kwa majuma mawili hivi, akaona haimfanyii kitu. Kisha katika mkesha wa maombi alisimama akashuhudia kwamba amepona, na ile ya kahawia akaitupa mbele ya watu kama ishara ya imani. Ile ya buluu hakuitupa, maana hiyo alikuwa akiisikia ikifanya kazi. Watu walipiga makofi na vigelegele. Nisidanganye: mkesha ule haukuwa wa madhehebu mengine. Ulikuwa wetu sisi Wakatoliki, na mimi niliubariki mwanzoni kabla sijaenda kulala.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kunyamaza juu ya jambo hili, na sasa ninaliandika.

Mimi mwenyewe nina pumu tangu utotoni. Seminarini nilikuwa nikificha vidonge chini ya godoro, nikihofu kuambiwa sifai kwa upadre. Vilikuwa vya aminofilini, vilivyonitetemesha mikono hata nikashindwa kuandika vizuri darasani. Hivyo ninaposema kwamba wengi wetu tunatibu pumu upande mmoja tu, sisemi kwa kusoma peke yake.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa ndani ya mapafu. Njia hizo huwa na uvimbe ambao mgonjwa hausikii siku zote. Vumbi, moshi, baridi au mafua vikizichokoza, misuli inayozizunguka hujikaza, ute huongezeka, hewa ikakosa mahali pa kupita. Inhela ya buluu, ambayo kwa kawaida ni ya salbutamoli, hulegeza misuli hiyo kwa dakika chache, na nafuu yake hudumu kwa saa nne hadi sita hivi. Uvimbe wenyewe haiugusi. Inayouendea uvimbe ni dawa ya kinga, kama vile beklometasoni au budesonidi. Hiyo huchukua siku, hata majuma, kabla mtu hajaona tofauti, na anapoivuta hasikii lolote kifuani. Wavuvi wa mwalo wa Mwigobero watanielewa upesi. Mtumbwi ukivuja, unaweza kuchota maji usiku kucha, na kwa saa hiyo ni lazima uchote, la sivyo unazama. Lakini kama hurudi ufukweni kuukalafati, ipo siku mikono itachoka kabla hakujapambazuka.

Marehemu wetu alichota kwa inhela tatu.

Wala maarifa haya si mageni. Salbutamoli ilianza kutumika Uingereza mwaka 1969, na beklometasoni ya kuvuta ikafuata mwaka 1972. Dawa ya kinga, basi, ina umri mkubwa kuliko wangu. Mwaka 2014 Uingereza ilitoa uchunguzi juu ya watu waliokufa kwa pumu nchini humo. Miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za aina hiyo katika mwaka uliotangulia kifo. Wale walikuwa na hospitali, wana magari ya wagonjwa, na bado kuchota peke yake hakukuwaokoa. Mwaka 2019 wataalamu wa GINA, taasisi ya kimataifa inayotoa mwongozo wa tiba ya pumu, walibadili msimamo na kusema wazi kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Apewe pamoja nayo dawa ya kinga ya kuvuta. Kwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 262 walikuwa na pumu na wengine 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu, mahali ambapo dawa ya kahawia haionekani dukani au inapatikana kwa bei ambayo kibarua wa mwaloni anaitazama mara mbili kisha ananunua vidonge.

Hapo kwenye vidonge nisimame kidogo. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha mtu mzima huwa na miligramu 4. Mpulizo mmoja wa inhela huwa na mikrogramu 100. Pigeni hesabu: kidonge kimoja ni sawa na mipulizo arobaini, nacho hupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima kabla hakijafika mapafuni. Ndiyo maana moyo unadunda na mikono inatetemeka. Hata hivyo ni kidonge tunachokiona kuwa “dawa ya kawaida”, na inhela tunaiogopa. Mama mmoja alinijia baada ya Misa na mtoto wake wa miaka saba anayekoroma kifuani kama paka. Akaniambia, “Shikamoo Baba. Mimi nakuomba umwombee tu. Pampu sitaki aanze, nasikia ukianza huachi.” Nilimjibu, “Marahaba mama. Nitamwombea, na kesho utampeleka kliniki.” Alinitazama kama niliyepunguza sala yangu nusu.

Siwalaumu akina mama. Hofu yao ina chanzo: wamewaona watu wakipewa inhela siku za mwisho, wakafa nayo mkononi, na wakadhani ndiyo iliyowaua. Lakini pumu haina uraibu wa dawa. Mgonjwa anaendelea kuvuta dawa ya kinga kwa sababu ugonjwa unaendelea, kama ambavyo mwenye miwani anaendelea kuvaa miwani. Kinachochosha mwili zaidi ni zile dozi kali za vidonge vya prednisoloni zinazorudiwa-rudiwa kila mtu anapozidiwa. Dawa ya kinga ya kuvuta huja kwa kiasi kidogo sana, moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Sukutua mdomo kwa maji ukimaliza, uteme, basi.

Sasa niwageukie wale wanaoona kwamba dawa ya kila siku ni upungufu wa imani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatutaka tumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kinafundisha kuwa dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Bwana na mtu mwenye busara hazidharau. Sura hiyohiyo inamwambia mgonjwa asali, kisha ampishe tabibu. Mtume Paulo, ambaye alijaliwa karama ya kuponya, hakumwekea Timoteo mikono kwa ajili ya tumbo lake linalosumbua; alimwagiza atumie divai kidogo. Na Baba Mtakatifu Fransisko, aliyelazwa katika hospitali ya Gemelli, Roma, tarehe 14 Februari 2025, alipatwa na shida ya kupumua ya namna ya pumu, kama Vatikani ilivyotangaza tarehe 22 mwezi huo, akawekewa oksijeni. Kanisa zima lilikuwa likisali rozari kwa ajili yake, na hakuna kardinali aliyeomba oksijeni iondolewe ili sala ionekane. Alirudi nyumbani tarehe 23 Machi, akatubariki siku ya Pasaka, akafariki kesho yake, tarehe 21 Aprili.

Wapo pia wanaoniuliza kama kuvuta dawa kabla ya Komunyo kunavunja mfungo. Hakuvunji. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inaagiza kujizuia na chakula na kinywaji kwa muda wa saa moja, isipokuwa maji na dawa. Na wazee na wagonjwa wamelegezewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ninyi vijana wa kwaya mnaotoka nje wakati wa Utukufu ili mkavute inhela nyuma ya tangi la maji mtu asiwaone, vuteni palepale mlipo. Mimi nitafanya hivyo altareni ikinilazimu.

Na ushuhuda wa uponyaji? Siupingi. Mungu huponya apendavyo. Lakini kuanzia sasa, katika parokia hii, hakuna atakayetupa dawa mbele ya Jumuiya wala mbele ya kikundi chochote cha sala, na kiongozi atakayeshangilia jambo hilo atakuja kuongea nami. Aliyepona ataweza kurudi kliniki akapimwe. Muujiza hauogopi kipimo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chetezo. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yanaacha ufukizaji wa ubani uwe wa hiari. Ubani ni alama nzuri ya sala zetu zinazopanda, nami naupenda, ingawa kila nikiufukiza hulala nimekaa. Lakini kanisa letu lina madirisha madogo, na nikiwa altareni ninawaona watu wanaoziba pua kwa kanga. Wengi wao tayari wameukaa moshi juma zima: wa kuni, wa mkaa, wa tanuri za kubanikia samaki. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo jiko la gesi litakapomfikia kila mama wa Bweri, walau nyumba ya Mungu isimwongezee moshi. Tutafukiza ubani nje, kwenye maandamano ya Ekaristi na mazishini. Wazee wangu, ndilo jibu langu, na kama bado mna hasira mlango uko wazi.

Jambo moja la matumizi. Unaponunua dawa ya maumivu kama aspirini au diklofenaki, au unapoandikiwa dawa ya presha, sema kwanza kwamba una pumu. Baadhi ya dawa hizo, na hasa propranololi, zinaweza kukuamshia shambulio. Na asiyeweza kuvuta vizuri, hasa mtoto, asaidiwe kwa chupa. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili inhela iingie na kubana, humfikishia mtoto dawa vizuri kama kifaa cha dukani. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kupumua taratibu mara kadhaa.

Muuguzi mmoja mwanaparokia amekubali kutuonyesha namna ya kuitengeneza, Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Tutachanga pia kidogo kwa ajili ya inhela za kinga za watoto wa wale ambao hawana bima. Njooni na chupa tupu za maji, na mwenye inhela aje nayo, hata kama imekwisha.