Sawa kwa Wote, Je, Ni Haki kwa Wote?



Juma lililopita tuliombwa kuwasuluhisha majirani waliotofautiana juu ya intaneti. Nyumba yao ina familia 6 za wapangaji, na wamevuta laini moja ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Kila familia hutoa 10,000. Bi mkubwa mmoja, ambaye haja yake ni kuzungumza na mwanawe aliyeko Muscat baada ya Isha, alihoji: kwa nini alipe sawa na wale ambao televisheni yao huonyesha filamu hadi usiku wa manane? Tena filamu zikianza, sauti ya mwanawe hukatikakatika.

Swali hilo si geni. Hadi mwaka 1996 kampuni ya America Online ya Marekani ilikuwa ikiwatoza wateja dola 9.95 kwa saa 5 na dola 2.95 kwa kila saa ya ziada. Desemba mwaka huo ikaweka bei moja, dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Watu wakaunganisha kompyuta zao wasizikate. Laini zikajaa, na wengi waliopiga wakaambulia mlio wa kwamba simu inatumika. Mwanzoni mwa 1997 kampuni ikakubali kuwarejeshea fedha wateja walioathirika. Bei ilikuwa sawa kwa wote, lakini njia haikuwatosha wote.

Je, basi tuhesabu kila megabaiti? Bando lina uadilifu wake: atumiaye kidogo hulipa kidogo. Lakini nasi twaijua adha yake. Mtoto hukatikiwa katikati ya somo, na muda wa bando huweza kwisha kabla halijatumika lote. Asiyemudu la mwezi hununua la siku, na mara nyingi ndiye anayelipa ghali zaidi kwa kila megabaiti.

Tulichopendekeza ni hiki. Laini ina gharama ya kuwapo na gharama ya kutumiwa. Nusu ya malipo, shilingi 30,000, igawanywe sawa: 5,000 kwa kila familia. Nusu ya pili igawanywe kwa vifaa, ambavyo tulivihesabu vikawa 15: shilingi 2,000 kwa kila kimoja. Bi mkubwa, mwenye simu moja, atalipa 7,000. Wenye televisheni na simu nne watalipa 15,000. Na kwa saa moja baada ya Isha, filamu zisubiri.

Mwenye televisheni aliguna, kisha akauliza: "Na mgeni akija na simu yake?" Tukacheka, tukaandika kuwa mgeni wa siku tatu hahesabiwi.

Hesabu yetu si mizani kamili, kwani kifaa kimoja chaweza kutumia kuliko vitano. Lakini kila mmoja anajua analipia nini, na ameridhia mbele ya wenzake. Wanaochangia laini moja na wakae wakubaliane kabla ya kinyongo kuingia.

Wabillahi tawfiq.