Usingizi wa Mtoto Hauuzwi Sokoni

Kuna shauri moja linalopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyetu vya Kasongo na Kabambare, nasi hatuwezi kulinyamazia. Mtoto wa miezi miwili au mitatu akilia usiku, jirani anamwambia mama: «Mpe siro kidogo, utaona atakavyolala.» Siro hiyo ni dawa ya maji ya kikohozi au ya mafua. Yauzwa mezani sokoni, kando ya chumvi na sabuni, na mara nyingi mwuzaji mwenyewe hajasoma karatasi yake. Siro ikikosekana, wapo wanaochovya kidole katika lutuku na kukitia kinywani mwa mtoto. Wengine wanampikia uji wa muhogo kabla ya wakati, wakisema kwamba tumbo likishiba usingizi utakuja. Asubuhi mama anasifiwa: mtoto wake ni mpole, halii.

Sisi twasema waziwazi: huo si upole, wala si usingizi. Ni kulewa. Mzazi anayetaka mtoto wake azoee saa za kulala ana njia nyingine. Njia hiyo haitaki hata faranga moja, lakini yataka kitu kilicho kigumu kuliko fedha, yaani nyumba nzima ikubali kujitawala.

Tuanze na hizo dawa. Nyingi kati yake zina kitu kinachouletea ubongo usingizi wa nguvu. Moja inayojulikana sana ni prometazini. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilitaka onyo liandikwe juu ya dawa hiyo, kwamba asipewe mtoto asiyetimiza miaka 2, maana yaweza kumzuia kupumua hata akafa. Wala wazazi wa kwetu si wa kwanza kudanganywa hivi. Tangu mwaka 1849 Wamarekani waliuziwa dawa ya kutuliza watoto iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Akina mama waliipenda, kwa kuwa watoto walinyamaza mara moja. Kumbe ndani yake mlikuwa na morfini, itokayo katika afyuni, na wapo watoto walionyamaza wasiamke tena. Mwaka 1906 ilitoka sheria ya kuwalazimisha wauzaji kuandika juu ya chupa kwamba ina dawa ya namna hiyo. Ndipo wazazi wengi walipofumbuliwa macho. Je, sisi twangoja nini?

Kwetu hatari yazidi kwa sababu ya malaria. Mwuguzi yeyote wa kituo cha afya atawaambia dalili za mtoto aliye karibu na kifo: amelegea na kulala kupita kiasi, hataki kunyonya, anatapika kila kitu, au ana degedege. Sasa mfikirieni mama aliyempa mtoto siro saa mbili ya usiku. Usiku wa manane mwili wa mtoto ni moto, na titi halitaki. Atajuaje kama ni siro au ni ugonjwa? Atasema, «Mwacheni, leo amelala vizuri.» Nanyi mwajua njia zetu zilivyo wakati wa mvua, na jinsi ilivyo mbali kumfikisha mgonjwa hospitalini kwa pikipiki. Saa zilizopotea usiku ule hazirudi. Mtoto hana maneno. Kilio chake ndicho maneno yake, na anayekizima kwa dawa amemziba kinywa mtu anayeomba msaada.

Na uji je? Mtoto asiyetimiza miezi 6 hahitaji chakula wala maji, ila maziwa ya mama peke yake. Tumbo lake ni dogo, na maziwa yashuka upesi. Kwa hiyo kuamka kila baada ya saa mbili au tatu katika majuma ya kwanza ni afya, si ukorofi. Tena maziwa ya usiku yana kazi yake. Yana kitu kinachomsaidia mtoto kulala tena, na kunyonyesha usiku kwaufanya mwili wa mama uzidi kutengeneza maziwa. Kuna na faida nyingine ambayo watu wa ndoa hawana budi kuijua. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, katika nchi ya Italia, wakakubaliana jambo hili: mama anayemnyonyesha mtoto maziwa peke yake, mchana na usiku, ambaye siku zake hazijarudi, na mtoto hajatimiza miezi 6, amekingwa na mimba nyingine kwa kadiri ya 98 katika 100. Basi anayempa mtoto uji na siro ili asinyonye usiku, anabomoa kwa mkono wake mwenyewe nafasi kati ya mtoto na mtoto, halafu anashangaa kupata mimba angali na mchanga mgongoni.

Mtu atatuuliza: basi, tuwaache watoto watutawale? Hasha. Utaratibu wapaswa kuwepo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefika miezi 4 ahitaji saa 14 mpaka 17 za usingizi, mchana na usiku pamoja. Na wa miezi 4 mpaka 11 ahitaji saa 12 mpaka 16. Lakini mtoto huzaliwa hajui kutenganisha mchana na usiku. Huanza kujifunza taratibu, hasa kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, na mwalimu wake ni mwanga na giza. Hapo sisi tumebahatika. Katika nchi yetu jua huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima, na saa ya Kiswahili huhesabiwa kwa jua hilo. Saa kumi na mbili ya jioni kengele ya misioni inalia; penye msikiti adhana inasikika. Nani ahitaji saa ya ukutani?

Basi fanyeni hivi. Mchana mtoto awe mahali penye mwanga na sauti za watu. Akilala mgongoni mwa mama shambani, ndani ya kikwembe, si neno, huo nao ni usingizi wake. Jioni fuateni mambo yale yale kwa mpango ule ule kila siku: aogeshwe, anyonyeshwe, nyumba isali, taa ipunguzwe, aimbiwe kwa sauti ndogo, kisha alazwe chali chini ya chandarua kabla macho hayajafumba kabisa, apate kuzoea kusinzia mwenyewe. Akiamka usiku, anyonyeshwe gizani bila mazungumzo wala michezo. Msitazamie miujiza kwa siku tatu. Hata mwenye miezi 9 aweza kuamka mara moja au mbili, wala si mgonjwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine husema kwamba huo ni mtindo wa Wazungu wa kumwacha mtoto alie peke yake. Sivyo. Kweli alikuwako daktari wa New Zealand, Truby King, aliyeanzisha chama mwaka 1907, na mafundisho yake yalienea mbali: mtoto anyonye kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, na usiku asinyonye. Hata wazungu wenyewe wameyaacha. Utaratibu tunaousema sisi bibi zetu waliujua. Jua likizama moto ulipunguzwa, watu walisema polepole, na mtoto alipokezanwa toka mkono wa mama mpaka wa nyanya. Hawakuwa na siro, na watoto walilala.

Wengine watasema: sisi tumekimbia vita upande wa Salamabila, twalala kwa watu, au, mimi nashinda naosha mchanga wa dhahabu. Tunawaonea huruma, na hatuwatwiki mzigo mwingine. Lakini mtoto aliyepoteza nyumba ndiye hasa anayehitaji mambo machache yasiyobadilika: wimbo ule ule, kikwembe kile kile, mkono ule ule. Hayo hubebwa hata njiani.

Sasa twageukia akina baba, kwa kuwa neno letu kubwa ni kwao. Mara nyingi siro hununuliwa kwa kumwogopa baba. Anarudi saa nne ya usiku akinuka lutuku, anaita chakula kwa makelele, anafungua muziki, na mtoto akishtuka anamfokea mama: «Mnyamazishe mtoto wako!» Mtoto wako! Mchana alipokuwa akisifiwa kwa wageni alikuwa mtoto wa baba. Mwanamume wa namna hiyo asituletee habari za mtoto mkorofi. Mkorofi wa nyumba twamjua. Tena aliyelewa asilale kitanda kimoja na mchanga, maana aweza kumlalia asijue. Ninyi pia wenye baa, mnaopiga mabafle mpaka alfajiri kati ya nyumba za watu, mwawanyang'anya watoto wa kijiji kizima kitu msichoweza kuwalipa.

Twaomba basi mambo matatu. Wakubwa wa vijiji na mitaa waweke saa ya kuzima mabafle, na waisimamie. Akina mama wanapokutana parokiani, wamwalike mwuguzi awaeleze habari za siro, na chupa zilizomo nyumbani zichunguzwe. Na kila baba mwenye mtoto asiyetimiza mwaka awe nyumbani saa moja ya jioni, ampokee mtoto mikononi wakati mama anapopumzika. Akifanya hivyo mwezi mmoja tu, ataona mwenyewe kama nyumba yake ilihitaji siro.